Maji au Upepo Nyumbani kwa Mama Idrisa

Mwenzangu unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, habari hii nakuletea wewe. Makapera wa ofisi ya walimu nimeshawaeleza, wakaniuliza kwa nini kompyuta isitafutiwe chumba chake. Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba vitatu, na kila chumba kina wenyewe mpaka uvunguni. Kompyuta ya Idrisa inakaa sebuleni, ndani ya kabati la televisheni. Ndivyo alivyopanga Mama Idrisa, na mambo ya sebule yake hayana rufaa.

Idrisa tunamwita Profesa tangu darasa la tatu, alipoifungua redio ya marehemu babu yake apate kuwaona wanaosoma taarifa ya habari. Sasa ni kijana mzima, anahariri video za harusi na sendofu, na hela ya LUKU mara nyingi inatoka mfukoni mwake, kwa hiyo kompyuta yake ikiugua, nyumba nzima inaugua. Dada yake ni Redio, maana hajawahi kulala na habari ya mtu. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kupimwa macho, akaona hapa panamfaa. Yeye ni Jaji, akishatamka kesi imekwisha. Mwanawe wa kiume, shemeji yangu, yuko Maskati miaka mingi. Huyo tunamwita Balozi. Balozi hatumi salamu tupu. Anatuma halua, manukato, viatu vya saizi ambayo hapa hakuna mwenye mguu wake, na ushauri.

Tuje kwenye joto. Mimi nafundisha fizikia, na mwanafunzi wangu yeyote atakwambia kwamba nishati ikishaingia kwenye kifaa lazima itokee mahali. Prosesa ya Profesa ni Core i7-12700K ya Intel, iliyotoka mwaka 2021. Wenyewe wameiandikia wati 125 kwa kazi ya kawaida na wati 190 ikikamuliwa. Karibu zote zinaishia kuwa joto, na joto hilo lote linazaliwa kwenye kipande cha silikoni chenye eneo la sentimita za mraba mbili na ushei. Lisipoondolewa upesi, prosesa inagonga nyuzi 100, inajipunguzia kasi ili isiungue, na mambo yakizidi kompyuta inajizima.

Ya kwetu ilikuwa inajizima. Fundi aliyemuunganishia alimwekea feni dogo la prosesa za wati 65, akachukua hela yake akaenda zake. Feni hilo likafungiwa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo. Na juu ya keisi kikatandikwa kitambaa.

Kitambaa hiki lazima nikueleze vizuri. Ni cha kroshia, uzi mweupe wa pamba, katikati tausi wawili wametazamana, na pindo lake la meno meno limetiwa wanga mpaka likakakamaa. Mama Idrisa alikifuma akiwa na mimba ya huyo huyo Profesa. Kwetu kila chombo cha umeme kina kitambaa chake: televisheni, king'amuzi, friji, redio ya marehemu. Cha tausi ndicho bora kuliko vyote, na mama alikitoa kwa kompyuta ya mwanawe kwa mapenzi kabisa. Kikalala sawasawa juu ya matundu ambayo hewa ya moto inatokea. Usiku Profesa anakiondoa, asubuhi mama yake akipangusa vumbi anakirudisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Ndiyo maisha ya familia. Watu wanaopendana wanaweza kuhamisha kitambaa mwaka mzima bila kikao.

Kikao kililetwa na harusi ya watu wa Mbagala. Filamu ilikuwa ndefu, yenye kamera tatu, na Profesa alikuwa anairenda, yaani kompyuta inaunganisha picha zote ziwe filamu moja, mchana wa Februari, ule mchana wa Dar ambao hata paka analala kwenye vigae. Bwana harusi ameshafungua mdomo alishwe keki, kioo kikawa cheusi. Akaiwasha, ikaanza upya, ikafika kwenye keki, ikazima. Mama wa bi harusi alipiga simu, akapokea Redio, akamweleza yote bila kuficha. Jioni yake tukakaa.

Balozi alichangia kwa sauti ya kurekodi, ndefu, yenye kelele za magari ya Maskati. Alisema zama za feni zimepita, watu wenye kazi za maana wanapooza kwa maji, na yeye ana kifaa cha maji alichokitoa kwenye kompyuta yake ya zamani, atampa msafiri. Kwamba maji yana nguvu hakukosea. Kilo moja ya maji inabeba joto mara nne ya kilo moja ya hewa kwa kila nyuzi inayopanda, na ukilinganisha lita kwa lita, maji yanabeba zaidi ya mara 3,000. Wakubwa wa kompyuta walilijua hilo zamani. IBM walitumia maji kwenye mashine zao kubwa miaka ya 1960, na mwaka 1985 Seymour Cray alitoa Cray-2 ambayo sakiti zake zote zilizamishwa kwenye Fluorinert, kimiminika kisichopitisha umeme. Mashine imekaa ndani ya kimiminika inafanya hesabu! Mimi jambo hilo linanisisimua mpaka leo, na niliwaeleza wote pale sebuleni kwa furaha.

Mama Idrisa akasema, "Maji? Kwenye umeme? Ndani ya kabati langu?"

Jaji alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kama ni kupooza, mtungi wangu upo barazani. Haujawahi kuchomekwa popote."

Watoto walicheka, nikawanyamazisha, kwa sababu bibi yao alikuwa amegusa kiini chenyewe. Mtungi unapooza kwa kuwa maji yanapenya kwenye udongo, yanafuka nje, na yakifuka yanaondoka na joto. Kipozaji cha upepo kilicho kizuri, ule mnara wenye mirija ya shaba, kinafuata njia hiyo hiyo. Ndani ya kila mrija wanatia maji kidogo sana, wanaondoa hewa, wanauziba. Kwa kuwa shinikizo lake ni dogo, maji yale yanageuka mvuke kwenye joto la chini sana kuliko la sufuria jikoni. Mvuke unapanda hadi kwenye vibati vyembamba vinavyopulizwa na feni, unatua joto, unarudi kuwa maji, na maji yanafyonzwa na utambi uliotandazwa ndani ya mrija mpaka kwenye prosesa tena. Hakuna pampu, hakuna kinachosukuma. Tofauti na mtungi ni kwamba mvuke hautoki nje, kwa hiyo mrija hauwezi kushuka chini ya joto la chumba, wakati mtungi wa Jaji unaweza.

"Basi," akasema Jaji, "nimeshasema."

Lakini kifaa cha Balozi kilikuwa kimeshapanda ndege, na huwezi kukataa zawadi ya mtoto mbele ya mama yake aliyemzaa. Kikafika kimefungwa kwenye shuka pamoja na halua. Kifaa chenyewe ni hivi: kibamba cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, kwa ndani kimechongwa vijia vyembamba sana, pampu ndogo juu yake, mipira miwili, na rejeta yenye urefu wa feni mbili. Pampu inazungusha maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, yanabeba joto la prosesa, yanalipeleka kwenye rejeta, feni zinalitoa. Ukitazama vizuri utaona kwamba maji ni dereva tu. Anayetoa joto mwishoni ni upepo, iwe mnara au rejeta, na vyote viwili vinalimwaga kwenye sebule ile ile.

Rejeta ilipaswa kufungwa juu ya keisi. Juu kulikuwa na tausi. Mama Idrisa alikuwa ameshakubali maji kuingia kabatini, na kumwomba na kitambaa siku hiyo hiyo ilikuwa kumkosea heshima. Profesa akaifunga chini, kwenye sakafu ya keisi, mipira ikapanda juu kwenye pampu.

Mwanzoni tulifurahi. Kazi fupi fupi zilipita bila prosesa kushtuka, kwa sababu maji yanachelewa kupata moto. Kabla hayajapashika, kazi imekwisha. Harusi ya Mbagala ikatoka, keki ikaliwa. Balozi akatumiwa picha, naye akazisambaza kwa ukoo wote, mpaka Pangani.

Halafu ukaja ule usiku. Profesa aliacha kompyuta ikirenda, akaenda kulala. Saa nane Jaji akanigongea mlango. "Baba Idrisa, amka. Nyumba inavuja."

Nilitoka. Kweli, sebuleni maji yalikuwa yanasikika, ko-ko-ko, yananyamaza, yanaanza tena. Mama Idrisa akakimbilia bafuni, Redio akakimbilia kwa jirani, mimi nikapanda kufunga koki ya simtank. Sauti haikukoma. Jaji akaweka sikio ukutani, akatamka kwamba bomba limepasuka ndani ya tofali na asubuhi tutaamkia ziwani. Redio alirudi na Fundi Bomba wa mtaa wa pili, mzee mmoja mtaratibu, kavaa kikoi na koti.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Upige wapi unajua mwenyewe, lakini ukuta ule una picha ya marehemu."

Fundi hakupiga popote. Alisimama katikati ya sebule, akafumba macho, akatembea taratibu kufuata sikio lake kama mtu anayefuata mbuzi aliyepotea, mpaka akafika kwenye kabati la televisheni. Akafungua mlango wa kioo. Akainama. Akasema, "Mzee, humu ndani mna pampu."

Profesa aliamka na usingizi wake akaeleza. Fundi Bomba hakujua kompyuta na hakujifanya anajua. Alitaka tu kuonyeshwa maji yanapotoka, yanapopita na yanaporudi. Akafuata mipira kwa kidole. Akauliza kama kuna tundu la kuongeza maji. Hakuna, imezibwa kiwandani. Akauliza chombo kina umri gani. Balozi alikitumia miaka. Basi mzee akakaa kwenye kochi na kutupa somo ambalo mimi na shahada yangu nililipokea kwa mikono miwili.

"Mpira wowote, uwe mzuri vipi, unapitisha unyevu kidogo kidogo. Miaka ikienda, maji yanapungua na hewa inaingia. Hewa siku zote inakwenda juu. Nyinyi mmeweka pampu juu na rejeta chini, kwa hiyo hewa yote imekaa kwenye pampu. Pampu haipendi hewa. Inapiga kelele, na ikiendelea hivyo inakufa."

Ndivyo ilivyo, na waunganishaji wa kompyuta wanasema hivyo hivyo: sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu, hewa ipate pa kukaa. Usiku ule ule tuliilaza keisi chali, ko-ko-ko ikanyamaza. Fundi alikataa malipo, akakubali halua. Alipotoka, majirani walikuwa wamesimama nje na ndoo.

Ila maji yalikuwa yameshapungua na pa kuyaongezea hakuna, kwa hiyo kazi ikiwa ndefu joto lilirudi kupanda. Kifaa kilikuwa kimemaliza umri wake. Sasa nani amwambie Balozi? Mama Idrisa alisema ni shemeji yangu, nimwambie mimi. Nikamkumbusha ni kaka yake wa tumbo moja. Profesa akasema yeye ni mtoto mdogo kwenye mambo haya. Jambo likakaa mezani pamoja na chai, hakuna anayeligusa, hadi Jaji akaomba apigiwe Maskati.

"Mwanangu, chombo chako kimezeeka. Hakuna ubaya, hata mimi nimezeeka. Umetusaidia, Mungu akuzidishie. Tunaweka feni."

Na mimi kwa hili naungana naye kwa moyo wangu wote. Kwa nyumba kama zetu, zenye vumbi la barabara, umeme wa kukatika, na fundi ambaye hana vipuri vya ajabu, mnara wa upepo ndio wa kununua. Unaweza kukaa miaka na miaka. Kinachochakaa ni feni, na feni inafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa mchana mmoja. Kifaa cha maji pampu yake ikifa, kimekufa chote, na prosesa inapanda kwenye 100 kabla hujaita mtu. Mtu mwenye prosesa kali zaidi, kama Core i9-13900K inayofika wati 253, akinunua maji yenye rejeta ya feni tatu simlaumu, ana haki yake. Na keisi ikiwa nyembamba isiyobeba mnara, maji yanasaidia. Lakini kati ya mnara mkubwa na rejeta ya feni mbili, kwenye kazi ya saa nzima, tofauti ni nyuzi chache, na nyuzi chache hizo unaweza kuzipata kwa kufungua dirisha. Chumba kikipoa kwa nyuzi moja, prosesa nayo inapoa karibu nyuzi moja. Hili ningependa kila mzazi mwenye kijana wa kompyuta alijue kabla hajatoa hela.

Tulikwenda Kariakoo, mimi na Profesa, na Redio kama shahidi. Mnara maarufu wa aina hii ni NH-D15 wa Noctua ya Austria, uliotoka mwaka 2014: mirija sita ya shaba, feni mbili, kimo cha milimita 165, uzito zaidi ya kilo moja na robo pamoja na feni zake. Wetu ni wa bei ya chini, lakini umbo ni hilo hilo. Profesa alisafisha dawa ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa kwa spiriti na pamba, akaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, akaukandamiza mnara na kukaza skrubu kwa mkingamo, moja huku, moja kule, ili ukae sawa. Mkono wake ulikuwa umetulia. Mama yake alisimama nyuma akishika tochi ya simu, hasemi kitu, na nikajua anamwona tena yule mtoto wa darasa la tatu na redio ya babu.

Mnara ukaingia, ubavu wa keisi ukakataa kufunga.

Hapo ndipo ukaja uamuzi mkubwa wa sebule, na mwenzangu utaelewa kwamba sikuulizwa. Kompyuta ikatolewa kabatini ikawekwa karibu na dirisha, mahali pa meza yangu ya kusahihishia madaftari. Mimi nasahihishia jikoni, kati ya jiko na ndoo ya mchele, na pana mwanga mzuri. Tausi wakahamishiwa juu ya spika. Ubavu wa keisi uko wazi, na kila Jumamosi Profesa anaitoa kompyuta barazani kuipuliza vumbi kwa blowa. Lisipotolewa linajaa kwenye vibati kama zulia na feni inabaki kupuliza bure. Akimaliza, Jaji naye anataka cherehani yake ipulizwe. Profesa pia aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaishusha prosesa isivuke wati 125. Kurenda kumechelewa kidogo tu, harusi zinatoka, na tangu hapo prosesa haijagusa nyuzi 90.

Joto la sebule ndilo bado. Wati 125 ni wati 125, ziondolewe na maji au na upepo, na jioni Jaji anahamisha mkeka wake barazani pale kwenye mtungi. Juzi Balozi ametuma ujumbe kwamba amempatia mpwa wake kadi ya picha, RTX 4090, kwa bei ya kindugu. Nikamtajia Mama Idrisa kwamba kadi hiyo peke yake inaweza kula wati 450. Aliuweka mwiko chini, akaniuliza joto lake litakaa chumba gani. Leo asubuhi nimemkuta anapima ukuta wa juu ya dirisha kwa utepe wa cherehani, Redio anaandika vipimo, na Fundi Bomba ameitwa aje na tindo yake kutoboa tundu la feni la kutoa hewa nje. Picha ya marehemu imeshashushwa. Mimi nimetumwa kuulizia bei ya feni.